Kikao cha Tumbo la Mkwe Wangu

Sifa yangu hapa Kilwa Masoko ni mikono. Wengine wana sifa ya kupika, wengine ya kuimba kwaya, na yuko mmoja mtaani kwetu ana sifa ya kulia msibani hata kama marehemu hakumjua. Mimi nina mikono ya kukanda. Mwanamke akijifungua, awe wa msikitini au wa kanisani, kesho yake natumiwa mtu: njoo, mzazi amerudi. Nachukua taulo langu na ndoo yangu ya bati, nakwenda. Maji nayakuta yameshachemka na majani ya mwarobaini. Nachovya taulo, nalikamua, nalibandika tumboni na kusukumia chini kwa kiganja ili damu mbaya itoke. Mzazi anapiga kelele. Wenzangu wawili wanamshika mikono na magoti, mimi namwambia jikaze mama, dawa ndiyo hii. Akishanyamaza namfunga tumbo kwa kanga, namnywesha uji wa pilipili manga, naondoka na shukrani za ukoo mzima, isipokuwa za mwenyewe, ambazo sikuwahi kuzingojea.

Mtaani kwetu Waislamu na Wakristo tunatofautiana kuhusu siku ya kupumzika, kuhusu kitimoto, na kuhusu spika ya nani inapiga kelele zaidi alfajiri. Kuhusu maji ya moto hatujawahi kutofautiana. Viongozi wa dini wanakaa makongamano kutafuta umoja, wanapigwa picha, wanakula wali. Umoja wenyewe ulikuwa kwenye ndoo yangu siku zote.

Mimi ni Mkristo, tena si wa kubahatisha. Kwetu ni juu, Newala, kwa Wamakonde, nikashuka pwani na marehemu mume wangu tulipofuata biashara ya korosho. Nimefundisha shule ya Jumapili mpaka watoto niliowafundisha wananiletea watoto wao. Nina hasira, sifichi, na nina mdomo. Mwanangu wa kiume alipooa binti wa Lindi mjini, fundi cherehani, mpole wa kupindukia, nilishukuru Mungu kwa sauti. Shikamoo mama, marahaba, basi. Neno la ziada ungemkamua kama ndimu kavu. Nikajisifu kwa majirani kwamba nimepata mkwe asiye na mdomo. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi wahenga nawasikiliza pale wanapokubaliana na mimi.

Mkwe wangu akajifungua kwa operesheni, mtoto wa kike. Mama yake mzazi alikwisha lala katika Bwana, na mwanangu ni fundi umeme huko Dodoma, kwa hiyo arobaini yote ikawa ya kwangu. Nikamfuata hospitali mwenyewe. Muuguzi akatueleza wote wawili, pole pole, kama mtu aliyewahi kuzungumza na watu wa aina yangu: kidonda kibaki kikavu, asikandwe, asifungwe tumbo kwa nguvu. Akaandika na kwenye karatasi. Mkwe akaikunja ile karatasi akaitia kwenye pochi. Mimi nikaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, huku moyoni nikisema hawa wanaambiwa waseme hivyo.

Tulipofika nyumbani wageni walikuwa wameshatandika mikeka. Jamani, kuna watu wakiingia kumwona mzazi humfunua kanga kabla salamu haijaisha. Mmoja akasema tumbo bado kubwa. Mwingine akalibonyeza kwa kidole akasema lina maji. Wa tatu akamshika titi, akalipima mkononi, akaagiza supu ya pweza. Mtoto naye akapakwa wanja mpaka nyusi zikakutana. Sisi Wakristo hatufungi watoto hirizi, ni ushirikina. Tunafunga uzi mweusi wenye kamsalaba. Mkwe wangu alikaa katikati ya mikono yote ile akitabasamu kidogo, kanga ameishika kifuani kwa ngumi, na mimi sikuiona ile ngumi.

Kesho yake asubuhi nikachemsha maji. Nikaweka mwarobaini, nikabeba ndoo mpaka chumbani, nikaita mzazi wangu, haya, tuanze kazi.

Akasema, "Hapana, mama. Asante."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikasema maji yatapoa. Akasema, "Naomba usinikande. Hospitali wamekataza, na mimi mwenyewe sitaki."

La hospitali ningeweza kulijibu. Nina majibu ya hospitali mengi, nimeyatumia miaka. Ni hilo la pili lililoniacha mdomo wazi. Mimi mwenyewe sitaki. Nimekanda wake wa wavuvi, wake wa walimu, nimemkanda mke wa mchungaji akiimba pambio kwa maumivu, na katika wote hao hakuna aliyewahi kunipa habari za kutaka. Wanaolia wapo, hata wanaonitukana kwa Kimwera wakidhani sikijui. Lakini kutaka? Nikageuka na ndoo yangu, nikatoka nikamwaga maji kwenye mgomba. Nilikasirika mchana kutwa. Nilipiga sufuria, nilimkaripia kuku.

Jioni nikampigia mwanangu. Nilimweleza yote na chumvi kidogo. Akasema, "Mama, mkandeni tu. Si nyie ndio wakubwa?" Aliyasema hayo Dodoma, akila chipsi, namsikia anavyotafuna. Tumbo liko Kilwa, ruhusa imetoka Dodoma. Nikamshukuru kwa malezi niliyompa.

Lakini nilitaka jambo liende kwa utaratibu, maana mimi si mshenzi. Sisi tukiwa na harusi tunaunda kamati, tukiwa na msiba tunaunda kamati, na penye wazee haliharibiki neno. Nikaita kikao. Walikuja watatu: bibi jirani yangu wa Kiislamu, ambaye ndiye mshikaji wangu wa magoti tangu tukiwa vijana, mama mwenyekiti wa umoja wa wanawake kanisani, na mzee wa kanisa, mwanamume mjane ambaye maishani mwake hajawahi kubeba tumboni kitu kizito kuliko ugali wa muhogo. Tulikaa sebuleni. Mkwe alikuwa chumbani amelala na mtoto. Nyumba yangu haina dari, kuta zimeishia njiani, kwa hiyo chumbani alikuwa akisikia kila neno, na sisi tulikuwa tukisikia mtoto akinyonya.

Mama mwenyekiti akafungua kwa sala. Mimi nikawa katibu, nikaandika kwenye daftari la shule ya Jumapili. Agenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, tumbo. Ya tatu, mengineyo.

Mzee wa kanisa akaomba kutangulia. Akasema mwili si mali yetu. Mwili, kama Maandiko yanavyotufundisha, ni hekalu la Roho, na hekalu lina wazee wake wa kulitunza. Tukasema amina. Bibi jirani akasema hata kwao ni vivyo hivyo, mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, mtu hana mamlaka nao. Mzee akasema amina hata kwa hilo. Basi ikathibitika kwa dini zote mbili kwamba mwili ni wa Mungu, na kwa kuwa Mungu hakuhudhuria kikao, tukakaimu sisi.

Hapo ikasikika sauti kutoka nyuma ya ukuta, ya chini lakini safi. "Samahani wazee wangu. Naomba niseme neno."

Tukatazamana. Mama mwenyekiti ni mtu wa taratibu, aliwahi kuwa diwani wa viti maalumu. Akasema, "Mwanangu, tuko kwenye agenda ya pili. Utapata nafasi kwenye mengineyo."

Tukapiga kura. Wote wanne tuliafiki akandwe. Ya mwanangu niliileta mimi kwa niaba, zikawa tano. Hakuna aliyepinga, kwa sababu mwenye tumbo hakuwa mjumbe. Tukaazimia kwamba tungoje atolewe nyuzi, na zikishatoka, asubuhi inayofuata akandwe, akitaka asitake, na washikaji wawe wawili. Tulipofika kwenye mengineyo tukajadili sare za kwaya, rangi ya zambarau au kijani, muda ukatuishia, mzee akafunga kwa sala. Alimwombea mkwe wangu roho ya utii. Alimwombea kwa jina, kwa sauti kubwa, akiwa ameelekeza uso ukutani ili imfikie.

Mambo haya hayakuanza na sisi, nisije nikaonekana nimeyabuni. Bibi yangu mzaa mama alichanjwa chale usoni angali msichana, na mdomo wa juu ukatobolewa akatiwa ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo. Hakuulizwa, maana ndiyo mila. Alipokuwa mtu mzima akataka kubatizwa, akaambiwa na watu wa misheni aitoe ndonya kwanza, maana ndiyo dini. Hakuulizwa pia. Akaitoa, akabatizwa, akabaki na tundu, na uji ukawa unamchuruzika hapo mpaka anakufa. Mila iliingiza, dini ikatoa, na mdomo ulikuwa wake. Mimi hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi, na nilikuwa nikiisimulia kwa kucheka. Nyani haoni kundule.

Jumamosi nikampeleka kutolewa nyuzi. Kidonda kilikuwa kizuri. Muuguzi mwingine akarudia yale yale, akaniangalia mimi machoni. Njiani kurudi nilimnunulia mkwe machungwa, akashukuru, akayabeba mapajani bila kula hata moja. Alijua. Alilisikia azimio lote lilivyopita.

Jumapili nikaenda kufundisha. Kilikuwa ni kipindi cha usalama wa watoto, na ni kipindi ninachokipenda, maana watoto wanapata kupiga kelele kwa ruhusa. Nikawaambia mwili wako amekupa Mungu, akakukabidhi wewe, si jirani, si mjomba, si dereva wa bodaboda. Mtu akikushika usipotaka unasemaje? Wakasema hapana. Nikasema sikusikia. Wakapaza mpaka njiwa wakatoka kwenye paa la kanisa. Nikawaeleza kwamba Bwana Yesu mwenyewe, alipomkuta yule kipofu kando ya njia, alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini, ingawa hata mjinga angejua kipofu anataka nini. Na malaika aliyetumwa kwa Mariamu hakuondoka mpaka yule msichana amejibu kwa kinywa chake mwenyewe. Mbingu nzima ilingoja jibu la mtoto wa watu. Mungu hamwingii mtu kwa nguvu, nikasema. Angetaka watumwa, asingehangaika kuumba hiari. Nilifundisha vizuri sana siku ile. Nilijisikiliza nikabarikiwa.

Kisha nikapita dukani nikanunua mkaa wa kuchemshia maji ya kesho.

Asubuhi ya Jumatatu bibi jirani na mama mwenyekiti walikuja mapema, wamejifunga kanga kiunoni kikazi. Maji yalikuwa yanatokota. Tukaingia chumbani watatu na ndoo. Mkwe alikuwa ameketi kitandani, mtoto amemlaza mbali kidogo ukutani, kama mtu aliyejua maji yatamwagika. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yangu, na lile la kumkumbusha kwamba hana mama mwingine nalo nilikuwa nalo, namwomba Mungu anisamehe.

Hakugombana. Mama mwenyekiti akamshika mkono wa kulia, bibi jirani akashika magoti, mimi nikamshika mkono wa kushoto ili nimlaze, na mkono ule ukalegea. Hakuuvuta. Ulikaa mkononi mwangu kama nguo iliyoloa. Akalala chali, akatazama juu kwenye bati, midomo ikawa inacheza. Nikadhani anasali. Nikainama nisikie. Alikuwa anahesabu. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Alikuwa anahesabu misumari ya bati.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema kikaoni. Mimi nilihesabu makuti. Ilikuwa Newala, nyumbani kwa mama mkwe wangu, nina miaka kumi na tisa, nimetoka kujifungua, na wanawake watatu wamenishika, na mmoja wao akiimba ili nisisikike. Nilipata makuti thelathini na nne kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo, na nilipofika mwisho nilianza tena. Kuna kitu nilikigundua siku ile: kwamba mtu anaweza kuuacha mwili wake pale mkekani, wafanye wanachofanya, yeye akaenda kukaa juu kwenye paa. Nilipona. Kila mtu alisema nimepona vizuri. Lakini ilinichukua miaka kushuka kutoka kwenye paa lile, na sina hakika kama nilishuka yote. Mume wangu, maskini, mtu mwema, alikuwa akinigusa bega naruka. Alikufa akidhani nilikuwa simpendi.

Na mimi, niliyeyajua hayo, ndiye niliyetoka nikanunua ndoo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nikauachia mkono. Nikasema, "Mwacheni."

Mama mwenyekiti akasema, "Vipi tena, mwenzetu? Tuliazimia."

"Azimio limekufa. Tokeni."

"Kikao hakiwezi kufutwa na mtu mmoja."

Nikamwambia kama anataka kukanda tumbo kwa azimio, alale yeye pale, maji yako tayari. Hapo nilikuwa nimepandisha, sauti ilifika barabarani. Akafungua kanga kiunoni, akaitikisa kama imeingia vumbi langu, akatoka akisema nimedhalilisha umoja wa wanawake. Mpaka leo salamu yake ni ya kichwa tu. Zambarau ilipita, na sare yangu ilishonwa inabana. Siwezi kuthibitisha kitu.

Bibi jirani alibaki anatafuta kandambili zake chini ya kitanda. Alikuwa hanitazami. Alipozipata alisimama kizingitini, akasema kwa upole, "Shoga yangu, sisi tumefundishwa hodi ni mara tatu, hata kwenye chumba cha mwanao. Usipojibiwa, unageuka. Leo humu tumeingia hatukupiga hata moja." Akaenda zake. Tumekanda pamoja miaka yote hiyo na kumbe naye lilikuwa linamkaa kooni.

Nikabaki mimi na mkwe. Alikuwa bado anatazama juu. Nikataka kumkumbatia, nikauona mkono wangu unavyokwenda wenyewe bila ruhusa, nikaurudisha. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu."

Akashusha macho. Akauliza, "Mtarudi kesho?"

"Hatutarudi."

"Umesema wewe, mama, au wamesema kikao?"

"Nimesema mimi."

Hakusema ameamini. Akajifunika, akageukia ukutani kwa mtoto wake. Nikabeba ndoo nikatoka, nikashusha pazia la mlangoni, nikasimama pale kwenye ukumbi nisijue pa kwenda ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikaona aibu. Si yale majuto ya madhabahuni, ya kulia mbele za watu ukasifiwa ushuhuda mzuri. Ilikuwa aibu kavu, haina shahidi wala pambio.

Nimeimba uhuru wa wana wa Mungu tangu nina meno ya utoto. Siku zote nilidhani uhuru huo ni mambo ya rohoni, uko juu huko unaelea, na mwili ni gunia tu la kubebea roho, kila mpita njia anaweza kulibonyeza aone lina nini. Sasa nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuulizwa kabla sijakabidhiwa darasa: mtu asiyeachwa aseme hapana kwa taulo, huyo atasemaje ndiyo kwa Mungu? Ndiyo yake itakuwa na thamani gani? Itakuwa mkono umelegea tu. Kristo mwenyewe, tunasoma, anasimama mlangoni anabisha, na komeo liko ndani. Mwenye mbingu na nchi anabisha hodi, halafu mimi wa Kilwa Masoko naingia na ndoo.

Nikasema nianzie hapo basi, hata kama nimechelewa. Nikasogea kwenye pazia. Katika nyumba ile niliyoijenga kwa korosho, ambayo hakuna chumba nilichowahi kuombea ruhusa, nikasema, "Hodi."

Nikamsikia mtoto anacheua.

"Hodi, mwanangu."

Akajibu, "Bado, mama."

Weee. Mtu mzima, mwenye nyumba, naambiwa bado. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, kisha ikakosa pa kukaa, ikashuka. Nikavuta kigoda, nikakaa nje ya pazia. Asubuhi ikakua. Watu walipita na salamu zao wakashangaa nimekaa ndani ya nyumba kama mgonjwa wa foleni. Mtoto akaanza kulia, na kilio cha mjukuu kinavuta maziwa hata kwa bibi aliyekauka. Magoti yalininyanyua mara mbili, mara mbili nikajikalisha. Nikamsikia akimbembeleza kwa wimbo wa Kimwera ambao sikujua kama anaujua. Nikamsikia anamgeuza, anamnyonyesha. Sikuingia. Yale maji kwenye ndoo yakapoa, majani ya mwarobaini yakazama chini.

Ilikaribia adhuhuri ndipo aliponiita. "Mama, njoo."

Nikaingia mikono mitupu. Alikuwa amesimama, kanga ameifunga kifuani, taulo lake mwenyewe begani. Akanipa mtoto, akaniwekea vizuri kichwa cha mtoto kwenye kiwiko, kana kwamba sijawahi kushika mtoto maishani, na nilikubali kuwekewa.

"Nishikie," akasema. "Nakwenda kuoga. Peke yangu."

Akaenda bafuni taratibu, mkono mmoja ukutani. Nikasikia komeo linavutwa. Nikakaa kitandani na mjukuu wangu kifuani, nikasikia kata inagonga ndoo, kisha maji yanamwagika, anajimwagia yeye, kidogo kidogo. Sijui kama yalikuwa ya moto au ya baridi. Sikuuliza.